Kibali cha Hoteli Nacho Huchacha

Mada hii ilitolewa na mwandishi wetu wa kujitegemea mbele ya vijana wa chama. Tunaichapa nzima, kama alivyoiandika upya kwa ajili ya wasomaji.



Nilipoalikwa kuzungumza na vijana juu ya uwekezaji wa hoteli katika pwani yetu, walionialika walitegemea nitasimama na kuwataja vigogo na viwanja vyao. Sikuwataja, na leo pia sitawataja. Vigogo wanatajwa kila wiki katika kurasa kama hizi, na viwanja bado wanavyo. Nilichagua kitu kidogo zaidi, karatasi moja iitwayo kibali cha ujenzi. Na juu ya karatasi hiyo niliuliza swali moja tu: je, kibali kina umri? Kikitolewa leo, mwekezaji anaweza kukificha kabatini, akaja nacho baada ya miaka ishirini akasema "natimiza haki yangu", wakati kijiji kimekua, barabara imejaa na samaki wamehama?

Usidhani ni swali la mchezo. Swali hilo lilipiganiwa mahakamani kwa miaka minne, kuanzia 2006 hadi 2010, katika jimbo la Hawaii nchini Marekani, likafika Mahakama Kuu ya juu kabisa ya jimbo lile. Waliolipeleka walikuwa wakazi wa pwani, watetezi wa mazingira na, sikiliza vizuri hapa, chama cha wafanyakazi wa hoteli. Wakashinda.

Nitakusimulia kesi hiyo kwa kirefu, kisha tutarudi nyumbani. Nimekwenda mbali kiasi hicho kwa sababu kule karatasi ziko wazi na hukumu inasomeka. Mtu aliyeishia kidato cha nne kama mimi anaweza kukaa nayo na kamusi akaielewa. Ukishaielewa, hutadanganywa tena na mtu wa tai anayekuonyesha muhuri kwa mbali.

KWANZA TUJUE KINACHOUZWA

Mababu zetu walijua hoteli kuwa ni nyumba ya kulaza wageni. Mgeni anakuja, analipa, analala, anaondoka. Siku hizi hoteli nyingi za ufukweni duniani haziishi kwa kulaza wageni tu. Zinauza. Na mtindo mmoja wa kuuza unaitwa taimushea, yaani kumiliki kwa zamu.

Uko hivi. Chumba kimoja kina wiki 52 katika mwaka. Mwenye hoteli anamuuzia mtu wa kwanza wiki ya kwanza, wa pili wiki ya pili, hadi wiki zimalizike. Labda atabakiza wiki moja au mbili za kupaka rangi na kutengeneza mabomba. Kila mnunuzi anapata haki ya kuja wiki yake kila mwaka, kwa miaka iliyoandikwa katika mkataba. Na kila mwaka analipa ada ya matunzo, aje asije.

Tupige hesabu ya mfano. Tuseme wiki moja inauzwa dola 10,000. Wiki 50 za chumba kimoja zinaleta dola 500,000. Kitanda ni kilekile, bafu ni lilelile, lakini kimeuzwa mara hamsini! Na fedha hizo zinaweza kuanza kukusanywa mapema sana, kwa kumwonyesha mnunuzi picha, ramani na kibali. Umeiona biashara ilivyo tamu?

Mtindo huu ulianzia Ulaya katika miaka ya 1960, ukavukia Marekani, na makampuni makubwa ya hoteli yakaingia. Huko Honolulu, mji mkuu wa Hawaii, hoteli ya Hilton Hawaiian Village iliyoko ufukwe wa Waikiki imeongeza ndani ya eneo lake maghorofa ya aina hii, moja likifunguliwa mwaka 2008 na jingine mwaka 2017. Hoteli ya zamani ipo palepale, lakini uani mwake kumeota majengo ya wenye wiki zao.

Ulaya walipata vilio vingi vya wanunuzi waliobanwa wakasaini kwa haraka. Ndiyo maana Jumuiya ya Ulaya ilitunga sheria ya kumlinda mnunuzi mwaka 1994, ikaibadilisha kwa nyingine kali zaidi mwaka 2009. Hispania ilitunga sheria yake mwaka 1998 iliyoweka ukomo wa miaka 50 kwa mikataba hii. Kuanzia mwaka 2015 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ikawa inaifuta mikataba iliyouzwa baada ya sheria hiyo kana kwamba ni ya milele.

Lakini angalia jambo moja, ndugu msomaji. Sheria zote hizo zinamlinda anayenunua wiki. Je, anayeishi jirani na hoteli, ambaye hakununua kitu na wala hakuuza kitu, nani anamlinda? Yeye hana mkataba. Kinga yake ni kile kibali: kilichoandikwa ndani yake, kilichoahidiwa, na tarehe iliyo juu yake. Kwa hiyo kibali kikichezewa, jirani amekwisha.

Na kibali kinachezewa kwa sababu chenyewe ni mali. Kiwanja kitupu cha ufukweni kina bei yake. Kiwanja hichohicho chenye kibali cha hoteli tano kina bei nyingine kabisa, hata kama hakuna tofali moja lililowekwa. Mtu anaweza kupata kibali leo, akauza kampuni yake kesho, na kibali kikaenda na kampuni kama ndama anavyomfuata mama yake. Mnunuzi mpya hawajui wanakijiji, hakuwaahidi kitu, hakukaa nao mkekani. Ana karatasi tu.

TURTLE BAY: KARATASI YA MIAKA ISHIRINI

Sasa twende Turtle Bay, yaani Ghuba ya Kasa. Iko upande wa kaskazini wa kisiwa cha Oahu, kisiwa kilekile chenye mji wa Honolulu. Ukiwa Waikiki utaona maghorofa yamebanana kama meno. Ukienda kaskazini unakuta mashamba, mawimbi makubwa ya kuchezea ubao, vijiji, na barabara moja ya pwani, njia moja ya kwenda na moja ya kurudi. Wenyeji wanapapenda hivyo hivyo palivyo.

Hapo palijengwa hoteli ya mapumziko, ikafunguliwa mwaka 1972. Katika miaka ya 1980 wenyewe wakataka kuipanua. Mpango haukuwa wa chumba kimoja viwili. Ulikuwa wa hoteli mpya tano pamoja na makazi ya mapumziko ya kuuzwa, jumla vyumba na makazi mapya yapatayo 3,500. Makazi ya namna hii ni ndugu wa taimushea, baba yao mmoja: nyumba ya likizo inauzwa kwa mtu wa mbali ambaye haishi hapo.

Kwa sheria za Hawaii, mradi wa namna hiyo ulihitaji tathmini ya athari kwa mazingira. Wakaifanya, ikakubaliwa mwaka 1985. Mwaka 1986 baraza la jiji la Honolulu likabadilisha matumizi ya ardhi ili mradi upite, kwa masharti yaliyoandikwa. Mpaka hapo kila kitu kilikwenda kwa utaratibu.

Halafu nini kikafuata? Kimya. Mwaka ukapita, miaka mitano, miaka kumi. Uchumi ukayumba, mali ikapita mikono kadhaa. Hoteli tano hazikuonekana. Waliokuwa watoto mwaka 1985 wakaoa na kuolewa.

Mwishoni mwa mwaka 2005 kampuni iliyokuwa inamiliki mahali hapo wakati huo ikaenda kwenye idara ya mipango ya jiji na ombi la kukata viwanja ili ianze kujenga. Tathmini yake? Ileile ya 1985! Miaka ishirini kabatini, ikapanguswa vumbi, ikawekwa mezani.

Wananchi wakasema ngoja kwanza. Fanyeni nyongeza ya tathmini, dunia imebadilika. Idara ya mipango ikakataa. Hoja yake, kwa lugha ya mkato, ilikuwa hivi: mradi haujabadilika, hoteli ni zilezile tano, na hakuna mahali palipoandikwa kwamba tathmini inakwisha muda. Mradi usipobadilika, hakuna nyongeza.

Hebu isome tena hoja hiyo taratibu. Inasikika ya busara, siyo? Ndivyo hoja za ofisini zilivyo. Ukiikubali, maana yake ni kwamba mtu akikaa na karatasi yake miaka mia, bado ni mbichi.

Mwaka 2006 kundi la wakazi liitwalo Keep the North Shore Country, pamoja na chama cha mazingira Sierra Club, wakaenda mahakamani. Chama cha wafanyakazi wa hoteli, Unite Here tawi la 5, nacho kikasimama upande wao, na ndicho ambacho jina lake limebaki juu ya kesi hiyo. Mahakama ya kwanza ikawapa ushindi jiji na kampuni. Wakakata rufaa. Mwaka 2009 mahakama ya rufaa nayo ikawakatalia. Wangekuwa watu wa kukata tamaa wangeishia hapo, wapeleke watoto shule na kumwachia Mungu. Wakapanda ngazi ya mwisho.

Mwezi Aprili 2010 Mahakama Kuu ya Hawaii ikatoa hukumu, majaji wote kwa kauli moja: nyongeza ya tathmini lazima ifanyike. Sababu zake ndizo ninazotaka uziweke kichwani.

Kwanza, mahakama iliona kwamba muda ni sehemu ya mradi. Tathmini ya 1985 ilikisia wingi wa magari hadi kufikia mwaka 2000, kwa sababu waliotayarisha walichukulia kwamba hadi wakati huo mambo yangekuwa yamekwisha kujengwa. Sasa mwaka 2006 unatumiaje makisio yaliyokwisha mwaka 2000? Hata kama hoteli ni zilezile tano, kuzijenga miaka ishirini baadaye ni kuzijenga katika mahali pengine.

Pili, mambo yenyewe yalikuwa yamebadilika. Magari katika ile barabara moja ya pwani yaliongezeka. Kasa wa kijani na sili wa Hawaii, mnyama wa baharini aliye katika hatari ya kutoweka duniani, walikuwa wanaonekana zaidi ufukweni pale kuliko ilivyoandikwa mwaka 1985.

Tatu, mahakama ilisema maana ya tathmini ni kumpa mwenye kuamua habari zilizo hai. Tathmini isiyo na ukomo inamfanya mwenye kuamua aamue akiwa amefumba macho, akisoma habari za dunia iliyokwisha pita.

Kwa Kiswahili cha mtaani: kibali nacho huchacha. Chakula cha jana hakikubadilika jina, ni wali uleule na maharage yaleyale, lakini ukikila kitakuumiza.

BAADA YA HUKUMU

Wapo watakaosema: basi, mwekezaji kafukuzwa, watu wakabaki na njaa. Si kweli hata kidogo, na hapa ndipo napenda vijana wasikilize.

Mwekezaji hakufukuzwa. Alirudi kwenye meza ya kuchora. Tathmini mpya ilipokamilika mwaka 2013, mpango ulikuwa umepungua kutoka hoteli tano hadi mbili zenye vyumba 625, makazi ya mapumziko 590, na, jambo ambalo halikuwa tabia ya mipango ya namna hii, nyumba 160 za watu wa kipato cha kawaida wa pale pale. Kutoka 3,500 hadi chini ya 1,400! Mwaka 2015 yakafikiwa makubaliano ya dola milioni 45, fedha za jimbo, za jiji na za shirika la hiari la kuhifadhi ardhi, ili ekari zaidi ya 600 za pwani hiyo zisijengwe tena. Mpango ukapungua zaidi.

Na hoteli ya zamani je, ilikufa? Ilinunuliwa na Blackstone mwaka 2018. Ikakarabatiwa, na mwaka 2024 ikauzwa kwa kampuni ya Host Hotels kwa dola milioni 680. Sasa iko chini ya jina la Ritz-Carlton. Kwa hiyo yule anayekuambia kwamba ukimwuliza mwekezaji swali atakimbia na fedha zake, mwambie Turtle Bay iliulizwa maswali miaka minne mahakamani na thamani yake haikushuka. Fukwe ambazo hazikujazwa zege ndizo zinazomleta mgeni.

Sasa rudi kwenye jambo niliokuomba ulisikilize vizuri. Chama cha wafanyakazi wa hoteli, watu ambao ugali wao unatoka kwenye hoteli, walisimama kupinga kibali cha hoteli tano mpya. Hivi hawakuzitaka ajira? Walizitaka. Lakini ni wao wanaojua ajira ya hoteli ni nini. Wanajua tofauti ya ahadi ya jukwaani na karatasi ya mshahara mwisho wa mwezi. Wanajua kwamba nyumba ya likizo inayokaa imefungwa sehemu kubwa ya mwaka haihitaji mpishi. Wanajua kwamba foleni inayomchelewesha mgeni ndiyo inayomchelewesha mfanyakazi, na bosi humkata mfanyakazi peke yake.

Kwetu, neno "ajira" ndilo kufuli la kufungia midomo. Ukiuliza ramani iko wapi, unaambiwa unapinga ajira za vijana. Ukiuliza njia ya wavuvi itapita wapi, unaambiwa unapinga maendeleo. Ukiuliza mara ya pili, unakuwa mchochezi. Mara ya tatu, unatakiwa kuripoti kituoni. Ama kweli, mkuki kwa nguruwe!

TURUDI NYUMBANI

Wazee wa Unguja wanaikumbuka hadithi ya Nungwi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Serikali ya Mapinduzi Zanzibar iliingia makubaliano na kampuni ya East African Development Company ya Uingereza juu ya rasi ya Nungwi. Eneo lilikuwa kilomita za mraba 57, muda miaka 49, thamani ya mradi ilitangazwa kuwa dola bilioni 4: mahoteli, nyumba za kifahari, viwanja vya gofu, hata uwanja wa ndege. Katika eneo hilo waliishi watu wapatao 20,000. Na kodi ya ardhi iliyoripotiwa katika magazeti ya Uingereza wakati ule? Pauni moja kwa mwaka. Pauni moja, ndugu msomaji! Mkungu wa ndizi una bei zaidi.

Mradi ule haukujengwa. Nungwi leo ina mahoteli mengi, lakini si yale. Wengine wakasema alhamdulillahi, yamepita. Mimi nauliza swali la Turtle Bay: mradi ukifa, nani anatangaza kwamba na karatasi yake imekufa? Maiti ya mtu husomewa, huzikwa, na watu hushuhudia. Maiti ya kibali huwekwa kabatini, na kabati lina ufunguo.

Swali hili lina uzito zaidi leo kuliko wakati ule. Sheria ya Kondominiamu ya Zanzibar ya mwaka 2010 ilifungua mlango wa kuuza sehemu moja moja ndani ya jengo, na mgeni anaweza kununua. Sisemi sheria hiyo ni mbaya. Nasema kwamba hoteli ya kulaza wageni na jengo la kuuzia watu mia mbili wenye hati zao ni vitu viwili. Hoteli ikishindwa biashara, ardhi inaweza kurudi. Majengo yenye wamiliki mia mbili waliotawanyika dunia nzima hayarudi, hata wajukuu zako wakiandamana. Kwa hiyo kibali kilichosema "hoteli" kikija kutumika kwa majengo ya kuuza, hicho si kibali kilekile. Neno moja limebadilika, na pwani nzima imebadilika nalo.

Usiniambie Waafrika hatuwezi kesi kama zile. Jirani zetu wa Lamu, Kenya, wameshaonyesha njia. Kesi yao haikuwa ya hoteli, ilikuwa ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050, lakini karatasi ni ya ukoo uleule. Mamlaka ya mazingira ya Kenya, NEMA, iliipa kampuni ya Amu Power leseni mwezi Septemba 2016. Wananchi kupitia Save Lamu wakaipinga. Tarehe 26 Juni 2019 baraza la rufaa za mazingira likaifuta leseni hiyo. Sababu kubwa: wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, hawakupewa nafasi ya kweli ya kuusoma utafiti na kuutolea maoni. Hao ni wavuvi, wachonga majahazi na walimu wa madrasa, wanaosema Kiswahili kama mimi na wewe. Na sheria ya mazingira ya Kenya ya mwaka 1999, kifungu cha 64, inatamka wazi kwamba hata baada ya leseni kutolewa, tathmini mpya yaweza kuamriwa iwapo mradi umebadilika sana, iwapo hatari isiyotarajiwa imetokea, au iwapo habari zilizotolewa zilikuwa za uongo.

Nasi Tanzania hatuko uchi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka tathmini kabla ya mradi, na inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka baharini pale zinapoweza kuharibu mazingira. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaupa mkutano mkuu wa kijiji sauti pale ardhi ya kijiji inapotaka kuhamishwa: eneo lisilozidi hekta 250, mkutano huo ndio unaokubali au kukataa. Sheria ya Haki ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inaipa ofisi ya serikali ya Bara siku 30 kujibu ombi lako. Zanzibar nako kuna sheria ya mazingira ya mwaka 2015. Sheria zipo. Kinachokosekana ni mtu wa kubisha hodi akiwa na barua mkononi.

MASWALI YA KWENDA NAYO OFISINI

Vijana waliniuliza: sasa tufanye nini, tukavunje ukuta? Nikawaambia hapana. Ukivunja ukuta, kesho habari itakuwa ni wewe na pingu zako, na ukuta utajengwa upya. Nenda na kalamu. Andika barua, weka nakala, omba igongwe muhuri wa kupokelewa. Ndani yake uliza mambo manne.

La kwanza: kibali hiki kilitolewa tarehe gani, na ujenzi ulitakiwa kuanza na kumalizika lini? Tarehe ndiyo roho ya kibali. Asiyetaka kukuonyesha tarehe anajua kwa nini.

La pili: kilitolewa kwa ramani ipi? Taka kuiona ramani iliyopigwa muhuri, siyo picha ya rangi iliyobandikwa kwenye bango. Hesabu majengo, hesabu ghorofa, tazama njia ya kwenda baharini imechorwa wapi. Halafu toka nje ukalinganishe na kinachochimbwa.

La tatu: kilitolewa kwa matumizi gani? Hoteli, nyumba za kuuza, au wiki za kuuza? Na nani atakuwa mwenyewe siku mjenzi atakapokuwa amekwisha uza chumba cha mwisho na kuondoka?

La nne: tathmini ya mazingira iliyotumika ilifanyika mwaka gani, na ilihesabu nini? Kama ilihesabu visima vya wakati kijiji kina kaya 100, na leo kuna kaya 400, basi tathmini hiyo ni ya kijiji kingine.

Barua ikijibiwa, soma jibu hadharani, barazani, mtu mmoja asome na wengine wasikilize. Isipojibiwa, kutojibiwa huko nako ni ushahidi; hifadhi ile nakala yenye muhuri. Watu wa Turtle Bay walianza hivyohivyo, kwa kuuliza, wakakataliwa, na kukataliwa kule kukawa ndiko mwanzo wa kesi.

Madiwani wetu wa upinzani nao wasinisikie nusu. Kukaa kwenye kikao, kupokea posho, na kupitisha ajenda ya "upanuzi wa hoteli" bila kuifungua ramani ni dhambi ileile, hata ukivaa rangi nyingine. Mwananchi hatakuuliza ulivaa fulana gani siku njia ya wavuvi ilipofungwa. Atakuuliza ulikuwa wapi.

Wenzetu wa chama tawala watasema huu ni uchochezi. Nawaomba waisome tena mada hii tangu mwanzo. Sijasema hoteli isijengwe. Sijasema mgeni asije. Nimesema karatasi isomwe, na ikiwa imechacha, ipikwe upya mbele ya watu wote, pamoja na wale watakaoishi karibu na jiko.

Pwani ni ileile waliyotuachia wazee. Haiongezeki. Vibali vinaongezeka kila mwaka, vingine vimeandikwa kabla hujazaliwa, na wewe hujaviona. Ofisi ya ardhi hufunguliwa Jumatatu asubuhi.